Kinyonga: Maisha ya Mjusi Akaaye Mitini na Nafasi Yake Katika Somo la Kiswahili

Utangulizi

Ukimwuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya neno kinyonga, mara nyingi hatakueleza mnyama. Atakueleza mtu. Atasema kinyonga ni mwanasiasa anayehama chama kila baada ya uchaguzi, au rafiki mwenye ndimi mbili. Maana hiyo ya kisitiari imeenea sana katika magazeti, katika tamthilia na katika mazungumzo ya kila siku, kiasi kwamba maana ya msingi imebaki nyuma. Ukiendelea kumwuliza kinyonga hula nini, hutaga au huzaa, huishi miaka mingapi, utapata kimya au utapata hadithi za kutisha.

Makala haya yanalenga mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili chepesi maumbile na mzunguko wa maisha ya mnyama huyu, hasa yule anayeonekana zaidi katika nchi zetu. Pili, kuonyesha msamiati ambao mwalimu wa Kiswahili anauhitaji anapofundisha kifungu cha habari kuhusu viumbe. Jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto atakayejifunza Kiswahili shuleni hataridhika na salamu na methali peke yake. Atataka kuitaja dunia anayoiona, pamoja na kinyonga aliyeko kwenye ua wa nyumba yao.

Jina na ngeli

Kinyonga ni wa jamii ya mijusi. Yumo katika kundi moja na mjusi wa nyumbani, guruguru na kenge, na wote ni wanyama watambaao, yaani reptilia. Kiswahili kina majina mengine pia: wapo wanaomwita lumbwi, na wapo wanaomwita kigeugeu, jina linalotokana na kitenzi kugeuka. Waganda humwita nnawolovu, na Wanyarwanda humwita uruvu. Wataalamu wa elimu ya viumbe wanatumia jina Chamaeleo, ambalo asili yake ni Kigiriki na maana yake ni simba wa ardhini. Ni jina la kushangaza kidogo kwa mnyama ambaye karibu maisha yake yote yanapita juu ya matawi.

Kisarufi, neno hili ni mtego kwa wanafunzi wetu. Umbo lake ni la KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa A-WA kwa kuwa linataja kiumbe chenye uhai. Kwa hiyo tunasema:

Kinyonga mkubwa amepanda mti.
Vinyonga wakubwa wamepanda mti.

Hatusemi kinyonga kikubwa kimepanda, wala vinyonga vikubwa vimepanda. Kanuni ni ileile kwa kiboko, kifaru, kipepeo na kiroboto. Ugumu unatokana na lugha zetu za kwanza. Mganda husema embwa erya na Mnyarwanda husema imbwa irarya. Katika lugha hizo jina la mnyama hufuata upatanisho wa ngeli yake lenyewe, bila kujali kama lina uhai au la. Kiswahili sanifu kinatanguliza uhai. Mwalimu akilielewa jambo hili, hatamwona mwanafunzi kuwa mvivu, bali ataona kuwa mwanafunzi anatumia mantiki ya lugha ya nyumbani kwao, na atajua pa kuanzia.

Umbo la mnyama wa mtini

Duniani kuna spishi zaidi ya 200 za vinyonga, na karibu nusu yao wako katika kisiwa cha Madagaska. Katika bara lenyewe la Afrika, Tanzania inaongoza kwa wingi wa spishi. Nitamchukua mmoja tu kuwa mfano wetu mkuu: kinyonga mwenye mikunjo ya ngozi kisogoni, ambaye jina lake la kitaalamu ni Chamaeleo dilepis. Huyu ndiye anayeonekana kwa wingi zaidi, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Kongo na kusini mwa bara, katika vichaka, mashamba na bustani. Mikunjo hiyo miwili hufanana na masikio makubwa, na akiudhika huiinua. Hata hivyo si masikio. Kinyonga hana matundu ya masikio yanayoonekana kwa nje.

Kila kiungo cha mwili wake kinaeleza kuwa huyu ni mkazi wa miti. Kiwiliwili kimebanwa ubavuni kama jani, si bapa kama cha mjusi wa ukutani. Akikaa wima juu ya kitawi, upana wake mdogo humsaidia kupita kati ya majani na kujificha nyuma ya tawi jembamba. Vidole vitano vya kila mguu vimeungana katika mafungu mawili yanayokabiliana, kama koleo la fundi. Katika mguu wa mbele fungu la ndani lina vidole 3 na la nje vidole 2. Katika mguu wa nyuma mpangilio ni kinyume chake. Hivyo kinyonga halitambai tawi, bali hulishika. Mkia nao ni mkono wa tano: hujizungusha kwenye kitawi na kumshikilia anaponyoosha mwili kwenda tawi jingine. Mijusi wengi hukatika mkia wakiwa hatarini na kuotesha mwingine. Kinyonga hana uwezo huo, na mkia wake ukikatika ameupoteza moja kwa moja.

Mwendo wake wa kusitasita, akienda mbele na kurudi nyuma kama anayepima, umemfanya achekwe na watoto. Lakini kwa mnyama asiyekimbia, mwendo huo una faida. Jani likipigwa na upepo huyumba. Naye akiyumba kama jani, jicho la ndege linampita. Waswahili wanaposema polepole ndio mwendo, kinyonga ni shahidi wao.

Macho na ulimi

Macho ya kinyonga yamefunikwa na kope nene za mviringo, zikiacha tundu dogo tu katikati. Kila jicho huzunguka peke yake. La kulia linaweza kutazama mbele na la kushoto likatazama nyuma kwa wakati uleule. Kwa njia hiyo mnyama huyu hupeleleza pande zote bila kugeuza kichwa. Akimwona panzi, macho yote mawili hugeuka na kumlenga, naye hupima umbali. Kisha hufungua kinywa taratibu, na ulimi hufyatuka.

Ulimi huo hufikia urefu unaozidi urefu wa kiwiliwili chake. Kwa muda mrefu watu walijiuliza msuli gani unaweza kufanya kazi kwa kasi hiyo. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Uholanzi, de Groot na van Leeuwen, walieleza kuwa msuli peke yake hauwezi. Ndani ya ulimi kuna tabaka za kolajeni zinazozunguka mfupa mwembamba. Msuli huzikaza tabaka hizo kwanza, kama mtu avutaye upinde, kisha huziachia. Kinachorusha ulimi ni nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa. Ndiyo maana kinyonga anaweza kuwinda hata asubuhi yenye baridi, wakati misuli ya wanyama watambaao wengine bado imezubaa.

Ncha ya ulimi ni nene na yenye unyevu. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2016 kuwa ute wa ncha hiyo ni mzito takribani mara 400 kuliko mate ya binadamu. Mdudu akishagusana nao hawezi kujinasua. Chakula chake ni panzi, nzi, mende, viwavi na wadudu wengine wengi. Mkulima anayemwua kinyonga shambani amemwua mfanyakazi asiyedai mshahara.

Rangi: hasemi uongo

Hapa ndipo sitiari yetu na elimu ya viumbe zinapotengana. Wengi wanaamini kuwa kinyonga huchukua rangi ya kila kitu anachokalia: akiwekwa juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu, juu ya cheusi atakuwa mweusi. Sivyo. Rangi yake ya kawaida, kijani au kahawia, inalingana na majani na matawi, na hilo linamtosha kujificha. Mabadiliko ya rangi hutokana na mambo mengine: joto la mwili, mwanga, hofu, hasira, ugonjwa, na hasa mawasiliano kati yake na vinyonga wengine. Asubuhi yenye baridi ngozi yake huwa nyeusi nyeusi ili ipokee joto la jua. Usiku anapolala huwa mweupe mweupe, na mtu mwenye tochi anaweza kumwona kwa urahisi kichakani.

Mwaka 2008 watafiti Stuart-Fox na Moussalli, waliochunguza vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika, walionyesha kuwa spishi zenye uwezo mkubwa zaidi wa kubadili rangi ni zile ambazo madume yake hutoa ishara zinazoonekana wazi zaidi. Maana yake ni kwamba uwezo huo ulikua kwa ajili ya kuonekana zaidi kuliko kwa ajili ya kujificha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza namna jambo lenyewe linavyotendeka kwa kinyonga mmoja wa Madagaska. Chini ya seli zenye rangi kuna seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini. Mnyama akiwa ametulia, fuwele hukaa karibu karibu na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita katika rangi ya njano ya ngozi huonekana kijani. Akichangamka, fuwele huachana kidogo na kurudisha mwanga wa njano, wa rangi ya machungwa au mwekundu.

Kwa hiyo kinyonga hadanganyi kwa rangi yake. Kinyume chake, ngozi yake inatangaza anachokihisi: nimeogopa, nimekasirika, sikutaki, nimekubali. Mwanasiasa tunayemfananisha naye hufanya kinyume kabisa. Sisemi sitiari hii iondolewe, kwa sababu lugha haiendi maabara kuomba ruhusa. Lakini mwanafunzi wa fasihi anayejua ukweli huu anaweza kuijadili sitiari kwa undani, badala ya kuikariri tu.

Mzunguko wa maisha

Vinyonga huishi peke yao. Dume na jike hukutana wakati wa kupandana tu. Dume la Chamaeleo dilepis hutambulikana kwa kichomozo kidogo kilichoko nyuma ya mguu wa nyuma, kama kisigino, ambacho jike hana. Madume wawili wakikutana kwenye tawi moja hujibenua, huvimba, hubadili rangi na hata kuumana, mpaka mmoja aondoke. Dume akimfikia jike, jike ndiye mwenye neno la mwisho. Asipomtaka, hasa akiwa tayari ana mimba, hufanya rangi ya giza, huyumba, hufungua kinywa na kumzomea.

Baada ya kupandwa, jike hubeba mayai tumboni kwa muda. Hula sana na tumbo hujaa hadi umbo la mayai huonekana ubavuni. Siku zake zinapotimia hufanya jambo ambalo halifanyi wakati mwingine: huteremka chini. Hutafuta udongo laini wenye unyevu na kuchimba shimo refu kwa miguu yake. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na huweza kuendelea usiku kucha. Hutaga mayai kinyumenyume, kichwa kikielekea mdomo wa shimo. Idadi ya mayai hutofautiana sana, kuanzia kumi na kitu hadi zaidi ya 50. Akimaliza hufukia shimo, hukanyaga udongo, huvuta majani makavu juu yake, kisha hupanda mti na kwenda zake. Harudi tena.

Huo ndio wakati wa hatari kubwa kwake. Amechoka, amekonda, na yuko ardhini asikoweza kukimbia. Nyoka, ndege, paka na watu humkuta hapo. Vinyonga wengi wanaouawa njiani na uani ni majike waliokuwa wakitafuta mahali pa kutaga, na anayeuawa kabla ya kutaga hufa na kizazi chake chote.

Mayai hubaki udongoni muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Kwa kutegemea joto na unyevu huchukua miezi 5 hadi 10, na mara nyingine karibu mwaka mzima. Mayai ya kuku huangua kwa siku 21 kwa sababu kuku huatamia. Mayai ya kinyonga hayana wa kuyaatamia. Joto la udongo ndilo mama yao. Kuangua mara nyingi huenda sambamba na mvua, wakati udongo umelainika na wadudu wadogo wamejaa. Kitoto hupasua ganda, huchimba kuelekea juu na kutokeza akiwa na urefu wa sentimita 4 hadi 5 hivi, mkia ukiwamo. Hapo hapo hutafuta kitawi. Hakuna wa kumfundisha. Ulimi wake hufyatuka, macho yake huzunguka na mkia wake hushika tangu siku ya kwanza.

Kuanzia hapo kazi yake ni kula na kukua. Kadiri anavyokua ngozi ya nje huwa ndogo kwake, naye huivua vipande vipande. Hapa tunakutana na msemo mwingine, kujivua gamba, ambao mwaka 2011 ulivuma sana katika siasa za Tanzania ulipotumiwa na chama tawala kuhusu kujisafisha. Katika muda wa karibu mwaka mmoja kinyonga huyu huwa amekomaa na anaweza kuzaliana. Umri wake porini ni miaka michache tu. Wengi hawafiki hata mwaka, kwa kuwa vitoto ni chakula cha ndege, nyoka, buibui wakubwa na hata siafu.

Ipo spishi moja ya Madagaska, Furcifer labordi, ambayo maisha yake yanashangaza zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kiumbe huyu hukaa ndani ya yai miezi 8 hadi 9, kisha huishi nje ya yai miezi 4 hadi 5 tu. Huangua, hukua, huzaliana na kufa kabla ya kiangazi. Sehemu kubwa ya umri wake ameimaliza gizani, ndani ya ganda.

Wanaotaga na wanaozaa

Si vinyonga wote hutaga. Kinyonga wa Jackson, mwenye pembe tatu, ambaye makao yake ya asili ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru wa Tanzania, huzaa. Jina lake linatokana na Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda wakati wa ukoloni. Jike hukaa na mimba miezi 5 au zaidi, kisha huzaa vitoto 8 hadi 30 hivi kwa mara moja. Vilevile kinyonga mdogo wa Elliot, anayeonekana sana katika nyasi na bustani za Uganda, Rwanda na Burundi, huzaa. Lakini jirani yake wa milimani, kinyonga wa Johnston, ambaye dume lake lina pembe tatu pia, hutaga. Kwa hiyo pembe tatu si dalili ya kuzaa.

Kwa nini wengine wazae? Wataalamu wanaona kuwa mahali penye baridi, kama milimani, yai lililofukiwa udongoni lingekosa joto la kutosha. Mama akilibeba yai tumboni na kuota jua kila asubuhi, hulipa joto analolihitaji. Kitoto huzaliwa kikiwa ndani ya utando mwepesi unaonata. Mama hukiangusha juu ya majani, utando hupasuka, nacho huondoka kwa miguu yake.

Imani na hofu

Wapo watu wanaoamini kuwa jike wa kinyonga hupasuka tumbo na kufa anapozaa. Ukifikiria namna ile ya kuzaa, jike akiwa juu na vitoto vikidondoka ndani ya utando unaopasuka, si vigumu kuona imani hiyo ilikoanzia. Kinachopasuka ni utando. Tumbo la mama hubaki zima.

Imani nyingine ina mizizi ya kale zaidi. Katika masimulizi ya Wazulu, Muumba Unkulunkulu alimtuma kinyonga, unwabu, kuwapelekea watu habari kwamba hawatakufa. Kinyonga alienda polepole, akasimama njiani kula. Baadaye mjusi, intulo, alitumwa na habari kwamba watu watakufa, akatangulia kufika. Watu wakaipokea habari ya kwanza kuwafikia. Masimulizi yanayofanana na hayo yapo kwa jamii nyingine nyingi za Kibantu, kwa mabadiliko ya hapa na pale. Ni simulizi nzuri ya kufundishia fasihi simulizi, kwani inajibu swali kubwa la chanzo cha kifo. Lakini imemwachia kinyonga lawama nzito.

Pamoja na lawama hiyo kuna hofu kwamba ana sumu. Hana. Akikamatwa atavimba, atageuka ubavu ili aonekane mkubwa, atafungua kinywa chake chenye rangi ya njano au ya machungwa, atazomea na pengine atauma. Kuuma kwake hakuna sumu wala madhara makubwa. Hizo zote ni mbinu za mnyama mnyonge asiyeweza kukimbia. Hata hivyo katika vijiji vyetu vingi watoto humpiga mawe, nao watu wazima huwatazama tu.

Jina letu milimani, na hatari iliyopo

Mwaka 2006 watafiti Tilbury, Tolley na Branch walitenganisha kundi la vinyonga wa misitu ya milimani katika Afrika Mashariki na Kati, wakalipa jenasi yake. Jina walilochagua ni Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili kinyonga. Katika kazi hiyohiyo jenasi nyingine iliitwa Nadzikambia, kutokana na jina la kinyonga katika Kichewa. Hivyo neno letu sasa limo katika orodha ya kimataifa ya majina ya viumbe, na kila mtaalamu duniani, awe Japani au Brazili, analitamka.

Jenasi ya Kinyongia ina spishi zaidi ya 20. Zinapatikana katika milima ya Tanzania kama Usambara, Uluguru na Udzungwa, katika milima ya Kenya, katika Rwenzori, na katika misitu ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Nyingine zimetambuliwa karibuni tu. Kinyongia magomberae ilielezwa mwaka 2009. Mtafiti mmoja aliyekuwa akihesabu nyani katika msitu wa Magombera, Tanzania, alimshtua nyoka aliyekuwa akimla kinyonga. Nyoka akakimbia na kumwacha kinyonga huyo. Mwaka 2017 zilielezwa spishi nyingine tatu kutoka milima ya ukanda wa Ziwa Albert hadi Tanganyika, na moja imepewa jina la milima ya Rugege, iliyoko Rwanda na Burundi.

Kinachotia wasiwasi ni kwamba baadhi ya vinyonga hawa wanaishi katika mlima mmoja tu, au katika msitu mmoja. Kinyonga wa msitu wa milimani hawezi kuvuka shamba la mahindi na bonde lenye joto ili ahamie mlima mwingine. Msitu ukikatwa, spishi nzima inaweza kutoweka. Kuna pia biashara. Jenasi hii imo katika Kiambatisho cha pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori, lakini magendo yapo. Mnamo Januari 2021 mamlaka za Austria zilitangaza kukamatwa kwa mtu katika uwanja wa ndege wa Vienna akiwa na vinyonga 74 kutoka Usambara, aliowaficha ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Ulaya hununuliwa kwa bei kubwa. Kwetu hupigwa mawe bure.

Darasani

Walimu wenzangu, somo hili linaweza kutumika kwa njia zifuatazo.

1. Msamiati wa uzazi wa wanyama. Watofautishe kupandana, kubeba mimba, kutaga, kuatamia, kuangua na kuzaa. Waulize: kuku hutaga na kuatamia, kinyonga wa kichakani hutaga lakini haatamii, kinyonga wa Jackson hufanyaje? Waonywe pia kuwa kinda ni mtoto wa ndege, hivyo hatusemi kinda la kinyonga.

2. Upatanisho. Wape sentensi kumi zenye majina ya wanyama yenye umbo la KI-VI wazigeuze kutoka umoja kwenda wingi. Waandike pia sentensi hizo kwa lugha zao za kwanza na kueleza tofauti.

3. Mfululizo wa matendo. Wasimulie kutaga kwa jike kwa kutumia kiambishi -ka-, kisha wasimulie tena kwa kutumia hu- ya mazoea. Hapo wataona tofauti kati ya tukio moja na tabia ya kila wakati.

4. Sitiari. Waeleze kwa nini mtu mwenye msimamo unaobadilika huitwa kinyonga, kisha wajadili kama mnyama mwenyewe anastahili lawama hiyo. Kwa wanafunzi wa Uganda, mwanamuziki Jose Chameleone, ambaye ameimba nyimbo nyingi akichanganya Kiswahili, ni mfano mzuri wa mtu aliyelichukua jina hili kwa fahari. Waulize: analitumia kwa maana gani?

5. Fasihi simulizi. Wakusanye kwa wazee wao simulizi moja kuhusu kinyonga na kuitafsiri kwa Kiswahili. Wasichanganye imani na maelezo ya kisayansi. Kila moja iwe na ukurasa wake.

Hitimisho

Tumeona kuwa kinyonga ni mjusi aliyeumbika kwa maisha ya mitini, kwamba rangi yake ni lugha yake, kwamba jike huteremka chini kutaga akiwa katika hatari kubwa, na kwamba wengine huzaa badala ya kutaga. Tumeona pia kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza haya yote, na pale palipopungua tumeazima na kuswahilisha bila taabu.

Ikiwa mwanafunzi mmoja atakayesoma kifungu hiki atamwona kinyonga jike akivuka njia baada ya mvua za kwanza, akajua anakwenda kufanya nini, na akamwachia apite, somo la ufahamu litakuwa limefaulu. Walimu watakaopata simulizi au majina zaidi ya kinyonga katika lugha za maeneo yao tunawaomba watuletee, ili tuyachapishe katika matoleo yajayo.